Tone Kwenye Kofia

Asubuhi ile, Mtemani, sindano ilinianguka.
Sikuiachia mimi. Vidole ndivyo vilivyoniacha;
mkono wa kulia ukawa kama wa mgeni,
umesahauliwa mapajani pangu.
Nikataka kumwita Shaame, ulimi ukaviringika:
likatoka "Sha", na "me" ikabaki shavuni.
Dakika kumi, hazikufika kumi na tano.
Kisha vidole vikarudi kimyakimya
kama watoto waliotoroka chuoni.

Nikasema, yamepita.
Shaame akasema, yamebisha hodi.

Daktari wa Wete, kijana, ndevu hazijakamilika,
alichora mshipa nyuma ya cheti:
"Hapa damu ilifunga fundo, fundo likafunguka.
Safari ijayo huenda lisifunguke,
na hicho ndicho kiharusi."
Hakuniambia damu yangu itakuwa maji.
Alisema kidonge huzikataza chembe zake kushikana.
Nikamwelewa. Miaka thelathini
nafunga mafundo nyuma ya kofia yasionekane.

Kidonge chenyewe kama kifungo cha shati la mtoto.
Baada ya kula, tumbo lisije likachubuka.
Kila siku. Mwezi wa Ramadhani, baada ya futari.

Mwezi wa kwanza, kimya.
Mwezi wa pili, kofia ya bwana harusi wa Limbani,
vitobo mia tatu na ushei,
sindano ikanidunga kidole cha shahada.
Zamani ningelinyonya, nikaendelea.
Safari hii tone likaja, la pili likalifuata,
la tatu likatua juu ya weupe wa bafta.
Nikabana kitambaa, nikahesabu mpaka mia mbili,
nikaogopa.
Kichupa kikalala kabatini siku mbili
wala sikumwambia mtu.

Shaame alivihesabu
kama mtu wa kupima pishi za karafuu.
Hakugomba. Viwili vilivyozidi
aliviweka juu ya kofia, ubavuni mwa tone.
"Hili litafuliwa kwa maji baridi na sabuni," akasema.
"Lile la kichwani litafuliwa kwa nini?"

Tukarudi kwa kijana wa ndevu.
Tone la sindano, akasema, bana, subiri, litakoma.
Lakini choo kikiwa cheusi kama lami,
mkojo ukiwa mwekundu,
kichwa kikipasuka ghafla bila sababu,
usingoje kuche.
Na ukitaka kuacha, niulize mimi, usimuulize jirani.

Maana majirani, na ndugu!
Kaka yangu Faki katoka Konde na pembe zake za chuku,
eti damu chafu itoke.
"Damu ni nzito kuliko maji, dada, sikudhuru."
Nikamwambia, hiyo nzito ndiyo iliyonitia hapa.
Funga pembe zako, unywe chai.
Ngozi yangu siku hizi haifungi mlango upesi.

Bi Mize akaomba kimoja, kifua kinamkaba.
Nikamnyima, mimi niliyemgawia hata chumvi ya mwisho.
Kuninunia, alininunia wiki nzima;
lakini alikwenda hospitali.

Goti langu likiuma sikimbilii tena
vile vidonge vya dukani vya kutuliza maumivu.
Na jino liliponitesa,
kabla mng'oaji hajashika koleo
nilimwonyesha kichupa. Akakisoma mara mbili,
akaweka koleo chini,
akapiga simu Wete kwanza.

Sasa nashona na subana.
Naikirihi; inanifanya mzito,
kofia moja inakula wiki mbili zaidi.
Ile ya Limbani ilivaliwa. Ndani, kisogoni,
kuna alama ya rangi ya chai
ambayo bwana harusi haijui.

Usiku, sahani zikishaondoka,
namimina maji, nameza.
Shaame huinuka kwenda kabatini,
anajifanya anatafuta miwani.
Miwani anayo usoni.
Anahesabu.